Mkwe Wangu Yuko Kazini

Jumapili, 3 Agosti
Taavi kenda tena kukimbia kwenye jua la mchana, na koti la baridi kavaa. Mtaa mzima wa Azaiba, hapa Maskati, unamtazama. Jirani kaniuliza kama mkwe wangu mzima wa akili. Nikamwambia mzima kukushinda wewe.

Hawajui. Mwaka jana, kwenye mbio za magari, zile zinazokwenda saa kumi na mbili mfululizo, joto lilimwangusha. Yale magari yamefungwa, ndani mtu anaiva. Walimtoa watu wawili, wamemshika huku na huku, zamu yake akapewa mwengine. Sasa timu inataka kumjaribu upya mwisho wa mwezi. Akiweza, anarudi garini. Asipoweza, wana kijana wao tayari, na yeye ndo basi. Kwao Estonia hakuna joto la kujifundishia, kaja kwangu. Joto tunalo.

Jumatano, 6 Agosti
Biriani ya kuku, sambusa, mkate wa kumimina. Kala vyote. Nikamwongeza, kala tena. Mashallah.

Wifi yangu Zuwena, yule wa Qurayyat, alisema mkwe wa kizungu atakuja kuvinusa vyakula vyetu na kuvisukuma. Nimempigia simu makusudi kumwambia sahani zinarudi nyeupe.

Jumamosi, 9 Agosti
Vitumbua. Halwa. Kala.

Majlis yangu, sebule ya wageni, kaigeuza karakana. Kaweka usukani, skrini na kiti chake cha mbio, anajifundisha kuendesha humo humo. Wageni wanakunywa kahawa pembeni yake. Leo kanionyesha picha yake ya utotoni, kofia imemmeza uso mzima, kakaa kwenye kigari kidogo, nyuma theluji tupu. Baba yake fundi wa magari. Ndiye aliyemfundisha, juu ya ziwa lililoganda. Hakuna tajiri aliyemshika mkono. Miaka mingi kaosha magari ya wenzake na kuwabebea matairi, ndo akaja kupewa zamu moja ya kuendesha. Moja hiyo hiyo, hakuiachia. Mpaka leo keshaendesha Ulaya nzima.

Na mtu huyu, mke aliyemtaka ni binti yangu Rahma. Najiona, nasema kweli.

Jumanne, 12 Agosti
Siku mbaya.

Nimempelekea chai majlis nikamkuta kitini, mabega juu, pumzi haishuki. Kuniona, akatabasamu. Sikulipenda tabasamu lile. Rahma aliporudi kazini nikambana mpaka akasema.

Gari moja linaendeshwa na madereva watatu kwa kupokezana. Kila mmoja ana kiti chake kilichofinyangwa kwa umbo la mwili wake. Anaingia nacho, anatoka nacho. Na Taavi kiti chake hakimwenei tena. Kanenepa. Tena timu inawapima uzito, hawana mchezo.

Nikauliza, sasa mbona anakula? Kumbe Rahma mwenyewe, kabla ya ndoa, alimfundisha kuwa sahani ya mama mkwe haikataliwi, ukiikataa umemkataa na mwanawe. Akashika hivyo hivyo. Na mie najaza tu.

Nimelia jikoni. Hasira nnazo kwa Rahma, na kwangu zaidi. Mtu anajichoma juani kutwa, mie nakaa nyuma nabomoa.

Jumatano, 13 Agosti
Nimemwambia mwenyewe, ukishiba sema basi. Kasema hataki kuniudhi. Nikamwambia nitaudhika ukikosa kazi.

Samaki wa kuchoma, saladi, maji. Khalas. Biriani ya jana nimeila peke yangu, wala haikunipendeza.

Ijumaa, 15 Agosti
Tumetoka Qurayyat sasa hivi.

Zuwena alimwalika Taavi, ukoo umwone. Nilijaribu kuahirisha, nikaambiwa mbuzi keshachinjwa. Tukakaa sinia moja, watu wa ndani tu. Zuwena anachambua nyama kwa mkono wake, ananyofoa ile bora ya mgongoni, anamrundikia mgeni mbele yake. Ndiyo heshima yetu. Hata mie ningefanya hivyo hivyo.

Taavi alikula sehemu yake, kisha akasita. Rundo likazidi. Akanitazama. Nikaona mkono wake unakwenda, anataka kula kwa ajili yangu. Nikalivuta lile rundo upande wangu.

"Mkwe wangu yuko kazini," nikasema. "Keshakula. Basi."

Zuwena kauliza, kwani nyama yake ina nini? Nikamjibu haina kitu, tamu, na sehemu ya mkwe wangu nitaila mie. Kahawa kanitumia kwa mtoto, na mlangoni hakuja kutuaga. Miaka yote ya ukoo huu, mie ndiye nnayewasema wasiojua adabu.

Kurudi kaendesha Taavi. Barabarani anakwenda polepole, mpaka watu wanampigia honi. Tulipofika Bawshar, karibu na nyumbani, akanigeukia. "Ahsante, Mama."

Sijuti.

Jumapili, 31 Agosti
Kiti kimemwenea! Kaendesha zamu mbili mfululizo, mchana wa joto, hakuomba kutoka. Wamemchukua.

Nimewapigia watu wote. Zuwena pia. Hakupokea. Anune.

Jumamosi, 20 Septemba
Leo mbio zenyewe, tumeziangalia kwenye televisheni. Zamu ya mchana, ile wanayoikimbia wenzake, kaiomba yeye. Kalichukua gari liko nafasi ya nne, kalirudisha liko ya pili. Katoka kwa miguu yake, kiti mkononi, kasimama kumfunga mwenzake mikanda. Mtangazaji akasema Muestonia huyu. Sawa, haki yao Waestonia.

Nafasi hiyo ya pili ndiyo waliyomalizia. Rahma kalia kwa sauti. Mie nikaenda kuswali magharibi.

Baadaye simu ya Rahma ikaita, ya video, yeye yuko bafuni. Nikapokea. Baba yake Taavi, macho mekundu, kavaa ovaroli, bado yuko karakanani kwake. Hajui Kiswahili wala Kiarabu, na mie lugha yake siijui hata neno. Tukatazamana.

"Taavi," akasema.

"Taavi," nikamwambia.

Akaweka mkono kifuani. Nami nikaweka wangu. Hatukukata simu mpaka Rahma alipotoka.