Kabla Hujamjibu Pundia

Kituo cha Afya Yambal,
Kwa mkono wa Padri, kupitia Mount Hagen.
9 Julai 2023

Mpendwa mdogo wangu Lakain,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema kubeba mikungu ya ndizi kutwa nzima kumekufanya utembee kama mzee. Na baridi ya Queensland mwezi huu, unavaa ile sweta niliyokufumia au umeshampa mtu? Nakujua wewe.

Sisi huku tunapumua. Mama mkwe wangu anakohoa, ila nguvu za kunitukana bado anazo. Nguruwe wako mweupe amezaa saba, mmoja akafa. Mimi mkono wangu wa kushoto umevunjika, na karatasi hii nimeikandamiza kwa jiwe, kwa hiyo maandishi yakipinda nisamehe.

Ningekupigia simu, lakini mnara umechomwa tena. Barua hii anaibeba padri. Najua Pundia, huyu mtoto wa baba mkubwa, ameshakufikishia ya kwake: utume pesa za risasi ili tumlipizie marehemu Tindi. Nakuomba usimjibu bado. Soma hii kwanza mpaka mwisho.

Unajua kwamba siku ndugu yetu Tindi alipopigwa risasi kwenye shamba la kahawa, baba alikuwa naye. Baba alimwona aliyepiga, hatua tano tu kati yao, ila hakumjua jina. Wakati huo jicho lake la kulia lilikuwa bado na mwanga kidogo. Mwaka haukuisha, mtoto wa jicho akafunika yote mawili. Tangu hapo watu wetu wana shahidi asiyeona, na Pundia akawa anapita nyumbani kila mwezi kumkagua macho, kama mtu anayeulizia shoka lake kwa fundi.

Ndipo likaja gari la macho. Ni lori jeupe lenye chumba cha upasuaji ndani yake, linazunguka vijiji visivyo na hospitali, na halidai mtu hata sarafu moja ya toea. Mimi ndiye niliyezunguka milimani miezi miwili kuandika majina ya wasioona. Pundia na vijana wake waliposikia, wakashuka wenyewe kuondoa magogo yaliyoziba barabara tangu vita vianze. Nikafurahi, mjinga mimi. Nilidhani wamewahurumia wagonjwa. Kumbe walikuwa wanamtengeneza shahidi wao.

Maadui zetu Watolenge nao hawakuwa wajinga. Walijua macho ya baba yakifunguka kuna mtu wao atakufa. Lori lilipofika darajani wakalimiminia risasi. Kioo cha mbele kilipasuka, vipande vikaingia kwenye shavu la Bosip, dereva, akaendesha hivyo hivyo damu ikimjaa kolani mpaka kwenye uzio wa kituo. Daktari Nanai, dada mmoja mdogo wa pwani ambaye nilidhani atalia, alimkalisha kwenye ndoo akaanza kumtoa vioo kwa kibano.

"Daktari," Bosip akasema, "hii nayo ni bure, au nisubiri foleni?"

"Ni bure ukinyamaza," daktari akamjibu.

Saa mbili baadaye alikuwa ameshafungua jicho la mtu wa kwanza.

Na unajua nani walikuja? Watolenge hao hao. Wana vipofu wengi kuliko sisi. Wanawake waliwaleta kwa njia ya nyuma, kila mmoja akimvuta mzee wake kwa fimbo. Tulipatana na pande zote kwamba silaha haivuki uzio. Siku mbili nzima watu waliochomeana nyumba walikaa benchi moja, bandeji jichoni, wakila viazi vitamu kutoka beseni moja. Nilikuwa napita kuweka matone ya dawa na machozi yananitoka mimi niliye na macho mazima.

Sasa la mwanao Anjo. Daktari alimpima. Macho yote mawili yanaweza kufunguliwa, ila ni mtoto, lazima alazwe usingizi kabisa, kwa hiyo akapangiwa Alhamisi baada ya wakubwa kumalizika. Alisema hajachelewa, lakini akifika miaka minane ubongo utakuwa umeshazoea giza na upasuaji hautasaidia sana. Ana miaka saba sasa. Huyo mwanao hana adabu, alimpapasa daktari uso akamwambia, "Pua yako ndogo hivi, unapumulia wapi?"

Baba alifanyiwa Jumanne, jicho la kulia. Alipodungwa ganzi akamwambia daktari, "Binti, ukinipa jicho bovu nitakurudishia, sikukuomba zawadi mimi." Dakika ishirini tu, akatoka amefungwa bandeji, anadai tumbaku.

Jumatano asubuhi ndiyo siku ya kufungua bandeji. Nilikuwa nimemkalisha baba kwenye kiti pale uani, daktari ameshika tochi yake, tukasikia uzio unakatwa. Pundia aliingia na vijana kama thelathini, nyuso zimepakwa masizi, shoka na bunduki mikononi. Walikuwa wanamburuta kijana mmoja wa Tolenge. Jina lake sitaliandika. Alikuwa amemleta mama yake kufanyiwa upasuaji, akamsubiri nje ya uzio kama tulivyopatana, wakamkamatia hapo. Mikono wameifunga nyuma kwa waya wa uzio mpaka ngozi imechanika. Sikio moja lilikuwa linaning'inia. Mama yake alikuwa kwenye benchi, bandeji jichoni. Alipomsikia mwanawe anakohoa damu alianza kupiga mayowe, na mayowe hayo bado ninayo kichwani.

"Delma, mfungue mzee," Pundia akaniambia.

"Toka nje na silaha zako! Mlitoa neno lenu hapa!"

"Nimesema mfungue, au nimfungue mwenyewe kwa shoka."

Nikaifungua bandeji. Daktari akammulika. Lakain, mimi nimefanya kazi ya macho miaka kumi na moja. Niliona mboni inajikunja vizuri. Niliona jicho la baba linatoka kwenye uso wa yule kijana, linashuka kwenye ile mikono, linakwenda kwa mama yake, linarudi. Baba alikuwa anaona. Daktari naye aliona kwamba anaona.

"Haya baba mdogo," Pundia akasema. "Mtazame. Ni huyu?"

Baba akajibu, "Nimtazame nani? Sioni kitu. Giza tupu."

Pundia akainua shoka akalishusha kwa nguvu zake zote kuelekea uso wa baba, akalisimamisha upana wa kidole kutoka puani. Hakuna mtu anayeona asiyepepesa kwa kitu kama kile. Baba hakupepesa. Alikaa ametumbua jicho mbele, mikono magotini, na mimi nikajikojolea, nakuambia ukweli.

Hapo Pundia akamgeukia daktari. "Mmemharibu baba yetu!"

Neno moja tu la daktari, "anaona", lingeliokoa gari lake. Alinitazama, akamtazama yule mama kwenye benchi. Akasema, "Jicho limekataa. Kosa ni letu."

Walimrukia. Walimkamata nywele wakamvuta kwenye changarawe mpaka magoti yakawa nyama. Bosip alikwenda kumkinga, wakampiga na kitako cha bunduki kichwani; mpaka leo sikio moja halisikii. Mimi nilijitupa juu ya daktari, mkono wangu ukavunjikia hapo, chini ya rungu la mtu niliyemzalisha mke wake. Vitanda, dawa, lenzi, vyote vilikatwakatwa, kisha wakalitia lori moto. Vipofu wakawa wanatambaa wakigongana, hawajui moto uko upande gani. Katika vurugu hiyo yule kijana akakimbia mikono bado imefungwa nyuma, mama yake ameshika mkanda wake, wakapotelea kwenye matete.

Watu kumi na wanane walirudi makwao vipofu kama walivyokuja. Anjo ni mmoja wao.

Baba akaendelea kuwa kipofu. Alishika fimbo, akajigonga milangoni, akamwaga maji makusudi. Nilipokuwa namwekea dawa nikamwambia, "Baba, acha maigizo. Mimi ni nesi." Akacheka. Nikamuuliza kama yule kijana ndiye aliyemuua Tindi. Alinijibu kwa neno moja. Neno hilo sitaliandika hapa, na hata mnara ukirudi ukanipigia sitakuambia.

Nikamuuliza kwa nini basi. Akasema, "Miaka miwili sijaona kitu. Wakanifungua, na cha kwanza kuniletea ni mtu wa kukatwa mbele ya mama yake. Nikasema hapana, hicho sikioni."

Nilimpenda kwa hilo, Lakain, na nilimchukia pia. Kwa sababu ya uongo wake mjukuu wake yuko gizani. Nilimwambia hivyo hivyo, sikumficha.

Wiki tatu baadaye Pundia aliita watu wote uwanjani kutangaza kwamba mtu yeyote wa gari la macho akikanyaga tena bonde hili atauawa, kwa kuwa walimpofusha mzee wetu. Baba akasimama, akaitupa fimbo.

"Muongo ni mimi," akasema. "Daktari hakukosea. Jicho ni zima. Pundia, fulana yako imechanika kwapani. Na wewe Maiso unachekacheka nini, kinywani huna jino hata moja!"

Watu wakapasuka kwa kicheko. Siku nyingi tulikuwa hatujacheka pamoja. Pundia hakucheka.

"Kwa hiyo ulimwona yule mtu. Ni yeye au siye?"

"Jicho ndilo lililofanyiwa upasuaji," baba akajibu. "Mdomo bado."

Wakacheka zaidi, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Pundia alimpiga na kitako cha bunduki, mara moja, kwenye jicho lile lile. Lilipasuka, Lakain. Nilifika nikalikuta liko shavuni. Jicho la wiki tatu. Nilichukua jembe la mtu kwa mkono wangu mzima nikampiga Pundia mdomoni, akaanguka, na wanawake wote wa ukoo wakamwangukia juu. Meno matatu ya mbele yametoka. Nasema haya bila aibu. Kama wanaume wasingetuvuta tungemuua, na mimi ndiye ningekuwa wa kwanza.

Huyo ndiye anayekuomba pesa za risasi.

Lakini maneno ya baba yaliwafikia watu wa macho. Daktari Nanai ametuma salamu kwa padri: limepatikana lori lingine, na yeye mwenyewe atakuja nalo, tarehe nane Agosti, kwenye shule ya mtoni, katikati yetu na Watolenge. Sharti lao ni moja. Bunduki ikilia bondeni kabla ya siku hiyo, wanageuza na hawarudi. Pundia anazo bunduki, risasi ndizo zilimwishia, na wengine wote aliowaomba wamekataa. Umebaki wewe. Anjo anafikisha miaka minane mwezi wa Oktoba.

Orodha ninayo mimi, na jina la Anjo ni la kwanza. La pili nilitaka kuandika la baba, kwa kuwa jicho la kushoto bado linaweza kufunguliwa. Akanishika mkono. "Ngoja kwanza," akasema. "Mwandikie mwanangu. Akimpa Pundia risasi, usiniandike, sina haja ya kuona hayo. Akikataa, niandike." Kwa hiyo mstari wa pili nimeuacha wazi.

Usipeleke jibu kwa mdomo. Andika, utie sahihi yako, nami nitalisoma uwanjani mbele ya watu wote na Pundia akiwapo.

Nisalimie wenzako wa shambani, hasa yule Mtonga aliyekuazima buti. Mama mkwe anakusalimu na kukuuliza utaoa lini tena. Bosip na Maiso wanakusalimu. Anjo anakusalimu, anataka umletee viatu vyekundu, ameambiwa hiyo ndiyo rangi nzuri kuliko zote. Baba amekataa kutuma salamu. Anasema atazituma akishasikia jibu lako.

Mungu akulinde na nyoka wa kwenye migomba, na aushike mkono wako utakapochukua kalamu.

Ni mimi dada yako nikupendaye sana, na bado nina hasira,
Delma