Lavenda Tatu za Mama

Chumba cha cherehani,
Nyuma ya nyumba yetu.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Habari za huko na za kazi? Natumaini kikohozi kimekuachia na unakula vizuri. Sisi ni wazima, ukiondoa magoti ya Mama, ambayo mimi ndiye ninayeyakanda kila asubuhi kabla sijakaa kwenye cherehani.

Miche yako mitatu ya lavenda, yale maua ya zambarau yanayonukia, ilifika salama. Mama aliipokea utadhani kaletewa wajukuu. Kwa kuwa macho yake yamefifia, alijifunza kuitambua kwa vidole na pua: ile ya majani membamba yenye harufu tamu, ile ya majani yenye meno pembeni, na ile ambayo ua lake lina masikio juu kama sungura. Hiyo ya masikio akaipa jina lako. Mimi namwogesha mwaka wa kumi na moja huu, na hata sufuria hajaipa jina langu.

Karatasi yako ya maelekezo nilimsomea mimi. Uliandika: udongo wa kichanga, jua la kutosha, maji mara moja kwa wiki. Nikasoma kwa sauti, "Mwagilia asubuhi na jioni, usiwe bahili." Nilikuwa na hasira, sitakuficha. Basi akamwagilia kwa kikombe chake cha chai, magoti yakimuuma, bila kukosa hata siku moja.

Ya majani membamba ilioza mizizi wiki ya tatu. Ya meno ikafuata. Yako ilijikaza kidogo, kisha ikawa nyeusi kuanzia chini. Mama akazidisha maji.

Siku mche wako ulipokufa alikaa kizingitini akaniambia, "Mwanangu, mkono wangu siku hizi unaua." Nikamjibu, "Ndio uzee, Mama," nikaendelea kupiga pasi.

Najua kwenye simu anakwambia zimechanua. Anakuonea aibu. Nimekuandikia ukweli kwa sababu nimechoka kubeba peke yangu, na wewe ubebe.

Shangazi anakusalimu sana, na kaka yetu fundi saa anasema umemsahau. Mungu akulinde, akupe moyo mwepesi kuliko wangu.

Humu ndani kuna picha. Juzi Mama alinituma nikamnunulie maua ya plastiki ya zambarau. Aliyachomeka mwenyewe kwenye vyungu vyote vitatu, akavaa gauni lake la sherehe, akasimama katikati nimpige picha. Akikupigia simu, mwambie zimependeza.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata hivyo.