Lugha ya Nne Niliyoifuta

Goma, Mabanga

Papa yangu mupendwa,

Nakusalimu wewe na mama, na wote wanaolala chini ya paa lenu huko Butembo. Goti lako linaendeleaje? Dada Masika alinitumia habari kwamba sasa unatembea mpaka kanisani bila fimbo, nikafurahi sana. Sisi hapa tuko. Mke wangu alishikwa na malaria juma zima lakini amepona, na watoto wanasoma siku ambazo shule inafunguliwa.

Barua hii anakuletea mama mmoja mchuuzi wa vitenge anayezungukia Uganda mpaka Kasindi, kwa sababu njia yetu ya Rutshuru bado imefungwa na vita. Simu ingekufikia mapema, lakini najua ungenikatiza kunipa pole kabla sijamaliza, na hili nataka ulisikie lote.

Uliniuliza radio yetu inaendeleaje tangu ipate ruhusa ya serikali. Inasikika vizuri, Papa, mpaka kwenye kambi za wakimbizi nje ya mji. Ila namna ruhusa yenyewe ilivyopatikana sikukuambia, na wala sikuwaambia wenzangu.

Tulipoanzisha chama chetu cha radio tulikuwa walimu wawili, fundi mmoja wa mitambo, na Mama Dafroza. Huyu ni mjane wa Kiwanja. Alikuja Goma siku moja kuuza maharage, na kabla hajamaliza gunia, vita ikafunga njia nyuma yake. Mama yake mzazi, Nyirabagenzi, alibaki kule. Baadaye watu walimwambia Dafroza kwamba kijiji kizima kilikimbia, na mukecuru, ndivyo kwao wanavyomwita mwanamke mzee, alionekana njiani amejifunga mkeka mgongoni. Baada ya hapo hakuna aliyemwona tena.

Ni Dafroza aliyetupa wazo la matangazo ya waliopotezana. Kila asubuhi tulisoma majina: nani anatafuta nani, walipotezana wapi, aje wapi. Tulisoma kwa Kiswahili, Kinande na Kihunde, na Dafroza akasoma kwa Kinyarwanda. Alikuwa na sauti ya kukaribisha, kama mtu anayeita jirani aje kuota moto. Wakati ule tulikuwa kwenye majaribio tu, na bado watu walikuja mpaka mlangoni wakiwa wameshikana mikono, wamepatana kupitia sauti yake. Jina la mama yake alilisoma kila siku, mwishoni, baada ya majina ya wengine. Hakuna aliyeleta habari.

Kisha tukaamriwa kufunga mpaka tupate ruhusa kamili. Nikapeleka dosiye, yaani faili la maombi, mimi mwenyewe, kwa kuwa ndimi rais wa chama. Ofisa aliyeishughulikia aliisoma ukurasa kwa ukurasa, na alipofika penye lugha za matangazo akaweka kalamu chini. Hakuwa mkali, Papa. Aliniambia kwamba wakati huu wa vita, lugha ya nne, ambayo wengi wanaiita ya adui, ingemletea maswali kutoka juu. Nikamweleza kwamba wanaoisema ni majirani zetu, nao wamekimbia vita ileile.

"Mwalimu, najua," akaniambia. "Ukiiacha, dosiye itapelekwa kwenye kamati, na kamati sijui itakaa lini. Ukiitoa, unarudi nyumbani leo na muhuri."

Niliomba kalamu yake. Sikuomba hata muda wa kutoka nje nikafikiri. Nilikuwa nimechoka na safari za ile biro ya serikali, wenzangu walikuwa wananiuliza kila siku, na nikajiambia kwamba lugha tatu zinatosha kuanzia, tutaongeza ya nne mbele ya safari. Nikapiga mstari juu ya neno Kinyarwanda, nikaweka sahihi pembeni, ofisa akagonga muhuri.

Wenzangu niliwaambia serikali imeikataa lugha ya nne. Dafroza aliniuliza kama hapakuwa na njia yoyote. Nikamjibu hapakuwa na njia. Aliinamisha kichwa kidogo, kisha akaniandikia tangazo la mama yake kwa Kiswahili, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa, akaniomba nilisome mimi kwa sababu sauti yangu inasikika wazi. Nililisoma miezi mingi. Nililisoma vile ninavyoita majina darasani, kwa ukali wa kazi, kwanza jina la mama, kisha jina la binti, kisha jina la Kiwanja.

Basi, Papa, asubuhi moja baada ya matangazo alifika mwanamke mgeni, amebeba mkeka uliokunjwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha. Alisema anatafuta Dafroza. Tulipomwita, yule mwanamke akaweka mkeka chini na wakaanza kuzungumza kwa lugha yao. Nilimwona Dafroza anakaa sakafuni polepole, bila kulia. Baadaye ni yeye mwenyewe aliyenitafsiria yote, neno kwa neno, ananitazama usoni.

Mukecuru alikuwa amefika kambini nje ya mji, karibu kabisa na sisi. Alijenga kibanda cha hema kando ya huyu mwanamke. Jirani mwingine alikuwa na radio. Siku moja bibi akasikia mwanaume anataja jina lake, na jina la binti yake, kwa lugha asiyoielewa. Wale waliokuwa karibu naye nao hawakuielewa vizuri. Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Bibi akaamini kwamba binti yake amekamatwa, na sasa wanamtafuta yeye. Akawasihi majirani wasimtaje kwa mtu. Akaanza kujiita jina lingine. Sauti ilipoendelea kumwita, akafungasha mkeka wake na kuhamia kambi ya mbali zaidi, juu kwenye mawe ya volkano, mahali ambapo maji ni ya shida. Huyu mgeni wetu alihama naye kwa kumwonea huruma. Kule bibi alishikwa na homa ya tumbo, akafa, wakamzika palepale.

Binti wa huyu mgeni alipoanza kujifunza Kiswahili, alisikia tangazo likirudiwa na akamweleza mama yake maana yake. Ndipo mama huyo akabeba mkeka wa marehemu na kushuka mjini.

Dafroza alipomaliza kunitafsiria, aliongeza jambo moja tu. "Mwalimu, mama yangu alikufa anakimbia sauti yenye ilikuwa inamuita nyumbani."

Tulikwenda kuona kaburi. Ni mawe meusi yaliyopangwa, na kijiti. Nilitaka kumwambia ukweli palepale, lakini sikumwambia. Nilibeba maji ya yule jirani na binti yake mpaka kwenye hema lao, nikarudi mjini.

Nilichoweza kufanya ni kuandika dosiye mpya, kuomba lugha ya nne irudishwe. Nilijiandaa kugombana, na kungoja hata mwaka. Dafroza alikuja nami kwa kuwa msomaji alitakiwa kuweka sahihi yake. Ofisa wa kwanza alikuwa amehamishwa. Tulimkuta mama mmoja mwenye miwani, akasoma barua yetu, akaniuliza maswali mawili kuhusu saa za matangazo, akagonga muhuri. Hatukumaliza hata kupasha kiti joto. Alipokuwa ananirudishia karatasi, akauliza bila ubaya wowote, "Lakini kwa nini hamukuiandika tangu mwanzo?"

Ningeweza kusema serikali ilikataa. Dafroza alikuwa amekaa pembeni yangu, amepakata mkoba wake, na yeye mwenyewe aliamini hivyo. Nilimjibu yule mama kwamba tuliiandika, na ni mimi niliyeifuta kwa mkono wangu, kwa kuwa sikutaka kungoja kamati.

Tulitoka. Tulitembea kwa miguu mpaka mtaa wa Birere, katikati ya wachuuzi na vile vijigari vya mbao. Kwenye njia panda akasimama. Nikamwomba msamaha, Papa, kwa maneno yote niliyokuwa nayo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusikia," akasema, akavuka barabara.

Sasa anakuja kila asubuhi. Anasoma majina ya watu wa watu kwa ile sauti yake ya kukaribisha, na juma lililopita mwanamke mmoja wa Rutshuru alimpata mume wake. Zamani tulikuwa tunabaki sote baada ya kazi, tunakunywa chai na kusimuliana. Yeye akimaliza kusoma anazima mikro yake ya kusemea, anakunja karatasi zake, anatuaga kwa heshima na kwenda zake. Hajaniambia amenisamehe, na mimi simwulizi. Siku zote kabla hajaingia napanguza kiti chake na kuweka maji ya kunywa mezani. Mengine sijui niyafanyeje. Kama wewe unajua, niandikie.

Mwambie mama asiwe na hofu juu yetu, risasi ziko mbali kwa sasa. Nisalimie dada Masika na mume wake, shangazi wa pale kando ya soko, mjomba fundi wa baiskeli, na katekista wetu aliyenifundisha kusoma kwa sauti. Uniombee, na umwombee pia Nyirabagenzi kwa jina lake lile la kweli.

Mimi mwanao,
Kambale