Swali la Afisa wa Kodi

Pasiansi, Machi 1998

Dada Rebeka,

Shikamoo. Michembe ya viazi vitamu uliyotuma kutoka Sengerema tumeipokea, watoto wamefurahi.

Mumeo Nathaniel amekwambia kazi imekwisha. Sababu ni hii. Kiwanda kilitutaka sisi watengeneza programu za kompyuta tufungue kampuni zetu, kikwepe kodi ya waajiriwa. Juzi afisa wa kodi alituuliza mmoja mmoja, “Nani anakupangia kazi?” Anayepangiwa na kiwanda huhesabiwa mwajiriwa, na kiwanda hudaiwa kodi.

Shemeji alijibu kweli: “Meneja, kila siku.”

Mimi nikasema, “Najipangia mwenyewe.”

Yeye akafukuzwa, mimi nikapewa kazi yake. Alipoaga alinikumbatia. “Shemeji, afadhali wewe umebaki.” Hajui nilichojibu.

Dada, msomee barua hii. Mimi nimeshindwa kumwambia.

Mdogo wako,
Kashindye