Woga wa Mzee Gerald

Mpendwa Mzee Gerald,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwangu Ilford, Jumamosi mchana, na chai imepoa mbele yangu bila kuguswa. Kesho wanakuaga pale kwenye ukumbi wako wa michezo ya kuigiza, na binti yako Helen ameniomba nipande jukwaani niwaeleze watu ulisema nini siku zako za mwisho hospitalini. Hana mwingine wa kumwomba. Mwishoni Kiingereza kilikutoka chote ukabaki na Kiswahili, na katika wote waliokizunguka kitanda chako aliyekuelewa ni mimi tu, mvishaji wako, niliyekuvalisha nguo za jukwaani.

Naogopa, Mzee. Sisemi hivi kwa kujishusha. Miaka yote niliyofanya kazi nawe nilikuwa nyuma ya pazia, nimevaa nguo nyeusi nisionekane, pini mdomoni. Hakuna aliyewahi kukata tiketi aje anitazame mimi. Lakini hata hilo la kutazamwa ni dogo. Kubwa ni kwamba nilikuahidi kulifunika jambo moja, na nikisema kesho yale uliyoyasema hospitalini, nitakuwa nimelifunua mbele ya waigizaji wote wa London.

Unakumbuka tulivyokutana? Wakati ule nilikuwa chini kabisa kwenye chumba cha kufulia, nafua mashati ya wanajeshi wa uongo. Mvishaji wako wa zamani alikuwa amestaafu, nikaagizwa nikuletee koti. Niliingia na simu begani, nagombana na mdogo wangu aliyeko Muheza. "Mwambie huyo fundi kama kuezeka hawezi aseme, asinichezee mimi!" Wewe ulikuwa umekaa mbele ya kioo. Tayari walikuwa wamekupa cheo cha Sir, na sura yako ilibandikwa kwenye kuta za vituo vya treni. Ukageuka, ukasema kwa sauti nyembamba, "Mimi nataka maji. Ya baridi. Ya moto sitaki." Nilitazama nyuma yangu kumtafuta huyo mtoto.

Ndipo ukanieleza. Ulizaliwa Korogwe, baba yako akiwa daktari wa hospitali ya misheni, na kabla hujajua Kiingereza vizuri ulishajua Kiswahili cha Mama Salome aliyekulea. Ulipofika miaka saba wakakupandisha meli kwenda shule ya bweni huku Uingereza, na Kiswahili chako kikakomea hapo hapo. Mtu mwenye sauti ya kutikisa ukumbi mzima, ukigeukia Kiswahili ulijua kuomba uji, kukataa kuoga na kusema unapoumia, basi. Nilicheka mpaka nikakalia sanduku la kofia. Nikakuuliza, "Mzee wangu, sasa nikikuamkia utaniitikiaje?" Ukasema wewe ndiye mtoto, wewe ndiye wa kuamkia. Ukainama. "Shikamoo, dada." Mwingereza mwenye mvi na cheo cha Sir ananipa shikamoo! Nikaitikia marahaba, ningefanyaje?

Wiki iliyofuata nikapandishwa juu, nikawa mvishaji wako.

Usiku wa kwanza wa ule mchezo wa hakimu aliyemfunga mwanawe, nilikuja na adabu zangu zote za Kitanga. Nikakufunga mkanda, nikakupangusa mabega, nikakwambia, "Kila la heri, Mzee." Ukageuka mweupe kuliko ulivyokuwa. Nani angeniambia kwamba huku mwigizaji hatakiwi heri? Kumbe kumtakia heri ni kumletea mkosi. Ukaniamuru nitoke nje, nizunguke, niteme mate, kisha nibishe niombe kuruhusiwa kuingia tena. Nilidhani umepandwa na wazimu, lakini nikatoka. Nilizunguka kwenye korido huku mvulana wa taa akinitazama, nikatema mate kwenye leso, nikagonga. Mdomo ukasema wenyewe, "Hodi!"

Nikabisha tena. Nikasikia unatapika.

Niliingia bila kukaribishwa. Ulikuwa umeinamia sinki, nywele za bandia zimekuangukia machoni, bomba limekushinda kufunga. Mimi nikalia nikijua nimekuroga kwa lile neno langu. Ukanipungia mkono. "Si wewe, dada. Kila siku hivi. Kila siku." Ukanawa, ukanishika mkono wa nguo tukashuka ngazi pamoja, na pembeni mwa jukwaa meno yako yalikuwa yakigongana kama ya mtu mwenye homa ya malaria. Kisha likaja neno la kukuita jukwaani. Ukaniachia mkono, ukaingia kwenye mwanga, na nikaona mgongo wako unanyooka. Sauti ikatoka. Watu wakaacha hata kukohoa. Nilisimama pale gizani nimeziba mdomo.

Nikajua basi kwamba hivyo ndivyo ulivyoishi. Ulinisimulia kidogo kidogo, nikikukanda shingo au nikikupigia pasi kola. Kule shule ya bweni walikucheka kwa namna ulivyotamka Kiingereza chao. Mwalimu akakusimamisha juu ya benchi usome shairi mbele ya shule nzima, ukajikojolea, wakacheka zaidi. Ukasoma tena kwa kuigiza sauti ya mwalimu mwenyewe, na hapo hawakucheka. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yako ya kwanza ya kazi, ulisema. Baadaye zikaja kumbi za miji ya kaskazini, vyumba vya kupanga visivyo na moto, miaka ya kubeba mkuki nyuma ya mfalme bila kusema lolote, hadi mfalme ukawa wewe. Na katika hayo yote woga haukukuacha hata jioni moja. Magazeti yakaandika kwamba hujui woga. Ulikuwa unakata hayo maneno kwa mkasi unayatupa.

"Usimwambie mtu," ukaniambia. "Helen hasa."

Nilikuuliza kwa nini Helen hasa. Ukasema mtoto anataka baba mwenye moyo. Nikakuahidi.

Hatukuwa tukipatana siku zote, usije ukajisahau huko uliko. Kuna siku ulichelewa, nikakuharakisha, ukaniita yaya. Nililiweka koti chini. "Mimi si yaya wako, Mzee. Mimi nimekuja kazini, na nyumbani nina mtoto wangu wa kumlea." Mashavu yalikuiva, ukaniomba radhi kwa Kiingereza, lugha yako ya utu uzima. Jioni ile tulishuka ngazi bila kusemezana, ila mkono wangu wa nguo uliushika vilevile.

Halafu ukaja mwaka uliopita. Mchezo wa yule mzee anayefukuzwa kwenye nyumba aliyoijenga. Maneno yakaanza kukupotea. Kwanza jina, kisha mstari, kisha unasimama katikati ya chumba cha kuvalia unaniuliza tuko mji gani. Nilitaka kumwambia meneja, ukanikatalia. Na Alhamisi ile, katikati ya hotuba kubwa, ukanyamaza. Niliyajua yale maneno, karibu niyapige kelele kutoka gizani. Ukalitazama lile giza walipokaa watu, ukasema wazi kabisa kwa Kiswahili, "Mama, nimesahau. Naomba niende nyumbani."

Watu walilia, Mzee! Walidhani ni sehemu ya mchezo. Gazeti moja likasifu ile lugha ya kichaa uliyoibuni kwa ajili ya mzee aliyechanganyikiwa. Mimi pale pembeni nilikuwa nimekaa sakafuni, kwa sababu mimi niliyasikia kama yalivyo.

Hukurudi tena jukwaani. Na sasa hupo, na mimi nina kesho ya kuikabili.

Binti yangu Rukia anaona nakuza mambo. Amezaliwa hapa, hajui kuogopa ukumbi. Asubuhi nimemwambia siwezi, akasema akila mkate wake, "Mum, just say he was lovely and sit down." Yaani niseme ulikuwa mtu mzuri, nikae chini. Nikamwambia, "Hukuombwa wewe, niliyeombwa ni mimi." Akasema, "So say the truth then." Ndiyo hivyo wanavyosema watoto wa London, ukweli kwao ni kitu cha kutoa mfukoni.

Angejua ninachokiogopa. Marafiki zako wananipigia simu tangu wiki iliyopita. Mmoja, yule uliyecheza naye ndugu wawili, kaniambia kwa kicheko anajua lazima ulikufa unafanya mzaha. Mwingine kasema ulikuwa simba. Wote wanataka niwape simba. Ningewapa, Wallahi ningewapa, nikashuka nikala biskuti zao nikarudi zangu Ilford. Ila jana akapiga Helen.

Alianza na habari za viti na maua. Kisha akaniuliza, "Tatu, unajua kwamba na mimi niliwahi kuigiza?" Sikujua. Hukuniambia. Akasema alikuwa msichana wa ishirini na kitu, alipata mchezo mmoja mzuri, na kila jioni kabla ya kupanda jukwaani alitapika. Alijificha chooni asionekane. Mchezo ulipokwisha akaacha, akaenda kusomesha watoto, na hajapanda jukwaani tena. "Nilimtazama baba, nikaona hatetemeki hata kidole. Nikajua sikuzaliwa na moyo kama wake. Kesho kutwa waambie alivyokufa bila woga. Nataka tu kulisikia."

Nilisema nina kitu kwenye jiko, nikakata. Jiko lilikuwa limezimwa.

Mzee, ulimficha mtoto wako kitu ambacho kingemwokoa. Nimekukasirikia tangu jana. Nimezunguka hili jikoni nikikusema kwa sauti mpaka Rukia akatoka chumbani kuuliza naongea na nani. Mlikuwa mnatapika wote wawili, baba na binti, kila mmoja kajifungia kivyake, na wa kwanza kufunga mlango kwa ndani ni wewe.

Lakini hasira haikuniondolea hofu. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwosha maiti wa wanawake pale mtaani kwetu Muheza. Alikuwa akitoka msibani hasemi alichokiona. Tulimuuliza tukiwa wadogo, akatufinya. Kwetu ndivyo ilivyo, anayemwosha marehemu humsitiri, na mwenye kumfunua marehemu naye ajiandae kufunuliwa. Mimi nimekuvua na kukuvisha miaka yote hii. Nayajua makovu yako, meno yako ya bandia, lile tumbo ulilolibana kwa mkanda ili uwe mfalme. Hayo nitakwenda nayo kaburini. Nimekaa hapa tangu alfajiri najiuliza kama woga wako nao ni wa kusitiriwa. Nikisema, je, utanisubiri huko uniulize? Nikilifikiria hilo naogopa, Mzee, si mchezo.

Mama alisitiri aibu. Hicho ndicho nilichokifikia mchana huu. Alisitiri aibu, na mimi kila nikiutazama woga wako siioni aibu iko wapi. Namwona mtu anayetapika saa moja kasorobo, na saa moja unusu anasimama mbele ya watu.

Kwa hiyo kesho nitapanda. Nitakuwa natetemeka, sauti inaweza isitoke, wanaweza wakaninong'ona. Sitawatazama hao wa simba. Nitamtafuta Helen kwa macho nimwambie yeye, wengine wakisikia wamesikia. Nitamwambia: baba yako aliogopa kila jioni ya maisha yake, na kila jioni alipanda jukwaani.

Kisha nitamweleza Jumatano ile hospitalini. Kwamba nesi alisema unaweweseka, na nilipofika ulikuwa umekamata chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Kwamba uliniita Mama Salome, nami nikaitika, safari hii sikukataa kuwa yaya. Uliniuliza taa zimewaka. Nikakwambia zimewaka. Ukauliza, "Watu wapo?" Nikakwambia wapo, wamejaa. Ukaanza kulia bila sauti, midomo inakucheza. "Naogopa sana. Sitaki kwenda." Nikakwambia najua, mwanangu, najua. Nikakaa nimekushika mkono. Helen alikuwa pale dirishani, anatusikia bila kutuelewa.

Ukafumba macho, nikadhani umelala. Ukafumbua macho, ukainua kidevu chako juu kama ulivyokuwa ukinifanyia mbele ya kioo ili nikufikie kolani. Neno lako la mwisho duniani, Mzee, na kesho nitalisema kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza, nikimtazama mwanao, lilikuwa hili: "Basi nifunge vifungo."

Nami nikakufunga, kimoja kimoja, mpaka cha juu.

Pumzika, Mzee wangu. Kama huko mnasikia, kesho mchana nisikilizeni. Na usinitakie heri.

Mvishaji wako,
Tatu