Sahihi ya Kadi Moja

2 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, sijui wewe na huo mgongo wako. Kwenye simu tungegombana, ndiyo maana naandika.

Kazi yangu unaijua: natengeneza nakala mama, ile ambayo kila seva ya wingu, yaani kompyuta tunayowakodisha wateja waitumie kwa mbali, huzaliwa kutokana nayo. Kila seva ina kadi ya kuiunganisha na mtandao, na kadi lazima iwe na jina. Tangu zamani tunaiita eth0. Sasa mkuu wetu, tunayemwita Bwana Usasa, anataka kadi iitwe kufuatana na tundu ilipochomekwa, eti ulimwengu mzima umehamia huko. Kwa mashine yenye kadi nne, sawa, hata mimi ningefanya hivyo. Zetu zina moja tu, na tunazihamisha kutwa. Tundu likibadilika, jina linabadilika, mipangilio ya mteja inatafuta jina la jana, seva inakuwa bubu. Na mtandao ndio mlango wake wa pekee. Kuna zahanati zinatunza majibu ya wagonjwa humo.

Anataka niweke sahihi kwamba nimekubali. Kwenye korido wenzangu wote wako upande wangu. Kikaoni walitazama viatu vyao. Siweki.

Mwanao mbishi

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unauma kama kawaida yake, cherehani ni nzima kuliko mimi. Barua yako nimeielewa nusu, na hiyo nusu imeninyima usingizi. Yaani ufukuzwe kazi kwa ajili ya jina la kadi? Ulikaa hapa miaka miwili bila kazi ukinihesabia vifungo. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Mimi nimewashonea wenye kiburi suruali za ajabu nikawaambia wamependeza, nanyi mkaenda shule. Weka sahihi, mama. Jina watalirudisha wenyewe.

Mama yako

20 Machi

Mama,

Shikamoo. Sijambo, ila sina kazi. Nilimwambia Bwana Usasa mbele ya watu wote: "Weka jina lako wewe, langu liache." Akanitaka niwe nimeondoka kabla ya saa sita. Nikachukua kikombe changu na sweta, wote wakinitazama. Nimelia, sikufichi, lakini sijutii. Usinitumie methali nyingine.

Mwanao

14 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Unakula? Nilinyamaza kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa woga tu.

Jana Bwana Usasa kanipigia. Namba yangu aliikuta kwenye fomu yako ya dharura, maana wewe hupokei simu zake. Sauti asali tupu. Wamehamisha mashine, nyingi zimekuwa bubu kama ulivyosema, na zahanati zinaandika majibu kwenye karatasi. Akaniomba nikubembeleze urudi kimya kimya, urekebishe, yaishe.

Nikamwambia: "Mwanangu hukumfukuza kimya kimya. Mwite mbele ya wale wale waliomwona akitoka."

Akasema atafikiria. Nikamjibu afikirie haraka, wagonjwa wanasubiri, nikakata simu.

Ile methali yangu naiondoa. Lipige pasi gauni la bluu nililokushonea, na akikuita inavyopasa, nenda upesi. Usipitie mlango wa nyuma.

Mama yako, uliyemrithi ubishi