Milioni Moja na Moja

Papa,

Tangu tukuzike maji ya maporomoko yamepungua, na mdogo wako, Tonton Bosco, ndiye anayetugawia samaki sasa. Anagawa vibaya! Jana familia kumi na tatu zilimzunguka penye mitego. Alihesabu mara tatu, na kila mara akapata baki tofauti. Mama alicheka mpaka akakaa chini, nami nikafurahi kumwona akicheka tena.

Samaki wa baki ni wa chungu cha mgawaji, ndiyo desturi yetu, kwa hiyo ulizipenda nambari zinazoacha baki kuliko mtu yeyote hapa Kisangani. Ulipojigamba kwamba milioni moja na moja haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, Tonton alikujibu mbele ya watu: "Bon, yaya, kaka yangu mkubwa, kama inagawanyika, utacheza ngoma hapa mbele ya bamama!" Ukakubali, kwa ubishi wako ule. Ukaanza na mbili, ukiandika kwa makaa kwenye mbao za nyuma ya nyumba, ukapanda moja baada ya nyingine bila kuruka. Ulifika tisini na saba. Halafu homa ikakuchukua.

Niliziogopa mbao zile, Papa. Je, nikikuta ulikosea, na wewe haupo kujitetea? Lakini Jumapili, baada ya misa, nilishika kipande cha makaa. Tisini na nane, baki tisa. Tisini na tisa, baki mbili. Mia, baki moja. Mia moja na moja... hakuna baki. Nilirudia mara nne. Kila fungu linapata 9,901, na chungu chako kinabaki kitupu.

Nilipomwambia Tonton, alipiga kelele mpaka ng'ambo ya mto wakasikia. "Alors, nani atacheza?" Basi nikacheza mimi, mbele ya wamama wote, vibaya kama ulivyokuwa ukicheza wewe. Mama akapiga vigelegele. Nilicheka na kulia kwa pamoja.

Niliporudi kwenye mbao, niliitazama hiyo 9,901. Mia mara mia ni elfu kumi, kwa hiyo kama ingegawanyika, kigawanyo kimoja kingekuwa chini ya mia. Na nambari inayoigawa 9,901 lazima iigawe pia milioni moja na moja. Lakini zote za chini ya mia tumeshazijaribu, Papa! Zote zimegoma. Nililia tena, safari hii kwa furaha.

Hilo nalo nimekwisha kumwambia Tonton, naye amekusifu. Mara ya kwanza maishani mwake.

Lala vizuri, Papa wangu. Mbao nitazitunza, sitaruhusu mtu azifute, na watoto wangu watajifunzia kugawa hapo hapo. Kwa milioni moja na moja ulikosea. Lakini 9,901 ni yako: hakuna mtu duniani atakayeigawanya, na aliyethibitisha ni wewe.

Binti yako,
Albertine